Mlima Mmoja Hautoshi: Kumsoma Maina wa Kinyatti Nikiwa Kitale

Nakala yangu ya Kenya: A Prison Notebook ni fotokopi. Niliinunua hapa Kitale kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba anayevitandaza juu ya gunia karibu na stendi, kati ya marudio ya KCSE na riwaya za mapenzi zisizo na jalada. Kurasa mbili hazisomeki kwa sababu mashine ilikuwa inaishiwa na wino. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mstari mwekundu kila mahali chakula kinapotajwa. Nilipouliza bei niliambiwa mia mbili. Nikajaribu mia.

"Huyo mzee alifungwa juu ya kuandika," muuzaji akasema. "Siwezi kukupea na mia."

Nikalipa mia mbili.

Kama jina la Maina wa Kinyatti ni geni kwako, usijilaumu. Mimi nilisoma historia chuo kikuu miaka miwili na nusu kabla karo haijanitoa, na jina lake nililisikia darasani mara moja tu, kama mfano wa mtu aliyechanganya historia na siasa. Mhadhiri alisema hivyo akapita. Sasa nimesoma vya kutosha kujua kwamba kuchanganya ndiko kulikuwa kazi yenyewe, na kwamba gharama yake ilikuwa miaka sita ya maisha ya mtu.

Miaka ya sabini Kinyatti alikuwa mhadhiri wa historia pale Kenyatta University College. Kisheria Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku. Amri ilikuwa ya wakoloni, ya 1950, na serikali huru iliiacha pale pale hadi 2003. Kwa hiyo mtu aliyezunguka akiwatafuta wazee waliotoka msituni, akikusanya nyimbo zao na kusaka makaratasi ya Dedan Kimathi, alikuwa anafanya utafiti juu ya kitu ambacho serikali haikutaka kitafitiwe. Mwaka 1980 akatoa Thunder from the Mountains, mkusanyiko wa nyimbo za Mau Mau alizozitafsiri kutoka Gikuyu. Juni 1982 polisi wakafika nyumbani kwake, wakabeba vitabu na makaratasi ya utafiti.

Alishtakiwa kwa kupatikana na chapisho la uchochezi lililoitwa Moi's Divisive Tactics Exposed. Alikana. Oktoba akahukumiwa miaka sita. Mwaka huo huo wahadhiri wengine kama Willy Mutunga, Al-Amin Mazrui, Edward Oyugi, Kamoji Wachiira na Mukaru Ng'ang'a waliwekwa kizuizini bila kesi yoyote. Tukumbuke pia kwamba alikamatwa kabla ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti. Watu hupenda kusema ukali wa Moi ulianza na mapinduzi yale, lakini makaratasi ya historia yalikuwa yamekwisha kubebwa wakati huo.

Miongoni mwa jela alizokaa ni Kamiti, na hapo ndipo Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 akazikwa kaburi ambalo familia yake haikuonyeshwa. Mwaka 1986 Kimathi's Letters ikachapishwa Nairobi, na 1987 toleo jingine la makaratasi ya Kimathi likatoka London, na muda huo wote mkusanyaji alikuwa ndani, macho yake yakizidi kuharibika. Alitoka Oktoba 1988, kisha akaenda uhamishoni, akafika Marekani. Prison Notebook ilitoka 1996, na barua zake za jela, Mother Kenya, mwaka uliofuata.

Haya yote ni rahisi kuyaandika kwa machozi, na wengi wameyaandika hivyo. Ninachotaka mimi ni kumsoma kama tunavyowasoma waandishi wengine, yaani kuuliza alichosema, na kama kinasimama ukikisomea huku kwetu, upande wa Mlima Elgon.

Turudi nyuma kidogo, 1977. Jarida la Kenya Historical Review lilitoa toleo maalum kuhusu Mau Mau. Ndani yake Kinyatti aliandika makala ambayo kichwa chake tayari ni hoja: aliiita Mau Mau kilele cha siasa za Waafrika katika Kenya ya ukoloni. Kwake ilikuwa vita ya wakulima na wafanyakazi dhidi ya ubeberu, vita ya taifa zima, na anayeiita ya kabila moja anarudia maneno ya mkoloni. Katika toleo hilo hilo Bethwell Ogot alizichambua nyimbo za Mau Mau akafika kwingine kabisa. Aliona zimefungwa ndani ya nyumba moja, ya Wagikuyu, kiasi kwamba kijana kutoka kwingine Kenya hawezi kuziimba kama nyimbo zake za uhuru. Baadaye William Ochieng' naye alisimama upande huo wa kuikatalia Mau Mau cheo cha vita vya taifa.

Mara ya kwanza niliposoma mjadala huu nilikuwa na Kinyatti moja kwa moja. Ilionekana wazi kwamba Ogot na Ochieng', wakitaka wasitake, walikuwa wanaisaidia serikali iliyofaidika na usahaulifu. Nani alikuwa amekaa kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu? Wale waliokuwa msituni ama wale waliokuwa na bunduki ya mkoloni? Kinyatti aliuliza swali hilo wakati kuliuliza kulikuwa hatari, na akaliuliza kwa ushahidi, kwa sauti za watu wenyewe. Barua ya Kimathi iliyokamatwa ilikuwa imehifadhiwa na mwindaji. Kinyatti aliitaka irudi kwa walioiandika.

Na wakati ulimpa haki. Mwaka 2011 ndipo Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake mahali panapoitwa Hanslope Park, na mafaili ya Kenya yakiwemo. Yalitoka kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki mahakamani London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Kila aliyewahi kumcheka Kinyatti eti anashikilia sana makaratasi alipaswa kumwandikia barua ya radhi siku hiyo.

Lakini pesa hizo ndizo zilizonirudisha kwenye lile neno, kilele. Makubaliano yalihusu mateso ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Huku kwetu damu ilikuwa imemwagika kabla.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa, wacha nieleze kwa ufupi. Mwaka 1895 Hobley alikuja na askari wa Kinubi na bunduki ya Maxim, akawapiga Wabukusu kwenye ngome ya Lumboka, kisha akawapiga tena kule Chetambe, kwenye vilima vinavyoutazama mji wa Webuye. Ukisafiri kwa matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma unapita chini ya vilima hivyo, na kwa kawaida watu wote ndani ya gari wako kwenye simu. Ardhi ya Trans Nzoia ikawa sehemu ya nyanda za wazungu, reli ikafika Kitale 1926, na Wabukusu wengi wakawa maskwota kwenye mashamba ya walowezi. Kuka yangu alizaliwa kwenye shamba kama hilo. Hakuwahi kuniambia jina la mwenye shamba. Alisema tu "kwa Mzungu," kama vile alikuwa mmoja dunia nzima.

Miaka ya arobaini, Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka wa zamani aliyelelewa kanisa la Friends, akakataa. Alikataa kazi ya kulazimishwa, akawataka wazungu waondoke, akawaita watu warudi kwa mizimu ya wazee wao. Dini yake ikaitwa Dini ya Msambwa. Mkoloni akampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili Mathari kuanzia 1945 hadi 1947, kwa sababu Mwafrika anayedai ardhi yake lazima awe na kichaa. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini wake Malakisi, wakaua watu 11. Mwaka huo dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa mbali, hadi Lamu. Imani ikavuka hadi kwa Wapokot, na Aprili 1950 Lukas Pkiech na wafuasi wake wakauawa kule Kolloa, Baringo. Hiyo ni miaka miwili na nusu kabla ya Hali ya Hatari. Uhuru ulipokuja Masinde alirudi nyumbani, na serikali ya Kenyatta ikamfunga tena, na 1968 dini ikapigwa marufuku mara ya pili. Alifariki 1987. Leo ukisema "Masinde" kwa watu wa rika langu, wengi wanadhani unazungumzia Masinde Muliro, mwanasiasa mwenye chuo kikuu Kakamega.

Sidai kwamba Kinyatti hakujua upinzani wa kwingine. Kitabu chake kikubwa cha 2008, History of Resistance in Kenya, kinaanzia 1884 hadi 2002, na kichwa chenyewe kinaonyesha alitaka kuishika nchi nzima. Shida yangu ni umbo la masimulizi. Ukishasema mlima una kilele kimoja, kila kitu kingine kinakuwa njia ya kupandia. Lumboka inakuwa maandalizi. Malakisi inakuwa dalili. Masinde anakuwa mtu aliyehisi kitu ambacho wengine watakuja kukielewa vizuri zaidi, kwa sababu yeye aliongea kwa lugha ya mizimu na hakuongea kwa lugha ya tabaka. Waliokufa 1948 hawakujua kwamba wanamtayarishia mtu njia. Walikuwa wanadai shamba lao, wakati huo huo.

Na hapa Ogot pia hanisaidii. Akisema nyimbo za Mau Mau haziwezi kuwa za kila kijana wa Kenya kwa kuwa ni za nyumba moja, basi nyimbo za Msambwa nazo haziwezi, na za Giriama haziwezi, na tunabaki na wimbo wa taifa peke yake. Mimi siimbi Gikuyu, lakini nikisoma tafsiri za Kinyatti najua kabisa kinachodaiwa. Mtu anaweza kuelewa kilio cha jirani bila kuhamia kwake. Kosa la Kinyatti, kwa maoni yangu, ni kutaka kilio cha jirani kiwe cha wote ndipo kihesabiwe. Kingehesabiwa hata kikiwa cha nyumba moja. Kenya ilipigania uhuru kwa lugha nyingi, na mara nyingi lugha hizo hazikuwa zinasikilizana.

Kuna jambo la pili, na hili sikulipata kwenye kitabu.

Desemba mwaka juzi nilienda kwa kukhu yangu, upande wa Kimilili, nikiwa na simu na fotokopi yangu kwenye begi. Nilikuwa nimejaa Kinyatti. Nilitaka kukusanya nyimbo za Msambwa kama alivyokusanya yeye za msituni. Kukhu alikuwa msichana mdogo wakati wa Malakisi. Nilimwomba aimbe.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna, kukhu. Nataka kuandika."

"Kwani serikali imekubali?"

Nikamwambia hayo mambo yaliisha zamani. Alinitazama kidogo, akasema nifunge mlango. Ilikuwa saa nane mchana, na nje kulikuwa na kuku tu. Nikafunga mlango. Akaimba kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto asilie, na alipofika kwenye jina fulani akanyamaza. Hakuendelea.

Badala yake akaniambia habari za kaka zake. Mkubwa alimfuata Masinde. Mdogo alikuwa askari wa chifu. Usiku mmoja nyumba ya mkubwa ilipekuliwa, na aliyeshika taa ya kumulikia wapekuzi alikuwa yule mdogo. Mkubwa alifungwa. Miaka aliyokuwa ndani, mdogo ndiye alilipa karo ya watoto wake, kwa mshahara ule ule wa chifu. Alipotoka hawakuongea hadi mmoja wao alipokufa, lakini mashamba yao yalipakana na hakuna aliyesogeza mpaka.

Nikamuuliza kukhu swali nililojifunza kwa Kinyatti: kwa hiyo msaliti alikuwa nani?

Hakukasirika. Alinitazama kama nimemuuliza kwa Kichina. Kisha akasema, "Wote walikuwa wa mama yangu," akainuka kwenda kuangalia mboga.

Kwenye vitabu vya Kinyatti kuna wazalendo na kuna wasaliti, na mstari kati yao umechorwa kwa kalamu nzito. Naelewa kwa nini. Mtu anayeandika dhidi ya serikali iliyojaa watoto wa mahomgadi hana anasa ya kuchora mstari mwembamba, na mtu anayeandika akiwa seli hana hata meza. Mstari ule ulikuwa silaha, na ulifanya kazi: uliwalazimisha watu kusema nani alikula nini baada ya 1963. Bado tunauhitaji tukizungumzia mashamba makubwa, kwa sababu hapa Trans Nzoia swali la nani alipata na nani alibaki skwota halijaisha, na kila uchaguzi linaamka. Lakini mstari huo haungii ndani ya nyumba ya kukhu. Ukiuingiza unabaki na kaka mmoja, na yule mwingine, aliyeshika taa na akalipa karo, anapotea. Na historia inayompoteza haiwezi kueleza kwa nini wazee wetu wengi walinyamaza miaka yote hiyo. Tumezoea kusema ni woga wa serikali. Kwa kukhu kulikuwa na woga, ndiyo, mlango nilifunga mwenyewe. Lakini pia alikuwa anawalinda watu wawili kwa pamoja.

Nilipanga kurudi Aprili nikapate mwisho wa wimbo. Kukhu alifariki Machi. Kwenye simu nina dakika tisa, na mbili kati ya hizo ni jogoo.

Kwa hiyo urithi wa Kinyatti ni nini kwa mtu wa huku? Kimathi alipata sanamu yake Nairobi 2007, na marufuku ya Mau Mau ilikuwa imeondolewa miaka minne kabla. Vitu hivyo vina mchango wa Kinyatti ndani yake, hata kama hakutajwa kwenye hotuba. Lakini hofu yangu ni kwamba tumeanza kumheshimu kwa namna rahisi: kubandika picha yake kila Oktoba, kunukuu ukali wake, na kusubiri kilele kingine. Kazi yake halisi ilikuwa ya kuchosha zaidi. Ilikuwa kwenda kwa mzee, kukaa, kusikiliza lugha yake, kuandika, kutafsiri, na kuficha nakala.

Huku kazi hiyo ilianzwa na imeachwa katikati. Gideon Were alikusanya masimulizi ya Abaluyia na kuyachapisha 1967. Makila aliandika historia ya Babukusu 1978. Audrey Wipper, mgeni, alitoa Rural Rebels 1977, na Dini ya Msambwa ni nusu ya kitabu hicho. Vijana wangapi wa Bungoma wameviona? Mimi sijawahi kuona hata kimoja juu ya lile gunia la vitabu.

Wiki iliyopita niliingia Makumbusho ya Kitale. Yalianza kama mkusanyiko wa mlowezi, Luteni Kanali Stoneham, aliyeanza kuuweka hadharani mwaka 1926: vipepeo, ndege, vitabu. Aliurithisha taifa, na 1974 makumbusho yakafunguliwa kwa umma. Vipepeo ni vizuri, siwezi kudanganya. Kila kimoja kina pini yake na karatasi ndogo. Nilisimama hapo nikifikiria makaratasi ya Kinyatti yaliyobebwa kwenye gari la polisi, na jina lile ambalo kukhu alikataa kulitaja. Mlowezi alikuwa na muda wa kuandika tarehe ya kila mdudu.

Nikitoka nilipita kwa muuzaji wa vitabu nikamwambia nimemaliza kusoma. Aliuliza kama nataka kumrudishia kwa mia moja na hamsini. Nilikataa. Kuna kurasa mbili tupu ndani yake zilizokosa wino, na nimeanza kuandika humo majina ya watu niliosikia wangali hai: mmoja Sirisia, wawili Kimilili, mama mmoja Malakisi ambaye kukhu alisema waliimba pamoja wakiwa wasichana.

Jumamosi napanda matatu ya kwenda Malakisi. Nitabeba simu mbili. Nitamwomba aimbe, na sitamuuliza nani alikuwa msaliti.